Onyo la CS3002 na Mizani za Kahawa

Kati ya Ruiru na Thika, wengi wetu tulioandika programu za kompyuta tulianzia kwenye Visual Basic 6 ya mwaka 1998. Ndiyo tuliyofundishwa kwenye vyuo vya diploma, na ndiyo tuliyotumia kujenga mifumo ya vyama vya ushirika: mkulima analeta kahawa kiwandani, mizani inasomwa, risiti inatoka.

Mwaka 2002 Microsoft ikatoa .NET. Vijana waliotoka chuo kikuu cha JKUAT pale Juja wakaja na C#, wakongwe wakashika Visual Basic mpya. Lugha hizo mbili ziliweza kuitana, ila kwa sharti kwamba kila kinachoonekana nje ya mradi kifuate kanuni za pamoja, yaani CLS, zilizoandikwa katika kiwango cha ECMA-335 cha Desemba 2001. Ukiweka alama ya CLSCompliant, kompaila ya C# inakuonya unapozivunja. Mimi huliona onyo hilo kuwa heshima kwa mwenzako wa meza ya pili.

Katika ofisi moja ya Ruiru nilikofanya kazi, maktaba ya kusomea mizani ililetwa kwa CD, kwani kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 intaneti ilipitia setilaiti na bei yake haikushikika. Maktaba hiyo ilitoa uzito kwa gramu katika aina ya uint, nambari isiyokubali hasi. C# inaifahamu. Visual Basic haikuwa nayo hadi toleo la 2005. Kijana wa C# akairudisha uint hivyo hivyo, kompaila ikatoa CS3002, yaani aina inayorudishwa haifuati CLS, naye akaiondoa alama ya CLSCompliant ili ikae kimya. Aliyeandika malipo kwa Visual Basic 2003 alipojaribu kuzidisha uzito kwa bei ya kilo, kompaila yake ikakataa katakata: kwake aina ile haikuwa na hesabu ya kuzidisha.

Dawa ilikuwa darasa dogo letu wenyewe. Ndani yake uint inasomwa jinsi maktaba inavyotaka; nje inatoka int, baada ya kuhakikisha nambari inatosha. CLS haikagui yaliyofichwa ndani. Na int inafika 2,147,483,647, ambayo kwa gramu ni zaidi ya tani 2,000. Hakuna mkulima wa kuijaza mizani kiasi hicho.

Kuna maktaba nyingine hazina kosa lolote ila mwenyewe hakuziwekea alama. Kompaila huzihesabu kuwa zimekiuka, na onyo la CS3001 hutokea ukipokea tu aina inayotoka humo kwenye mbinu ya wazi. Hapo pia naifunika aina hiyo kwa darasa letu. Isipowezekana, naandika CLSCompliant(false) juu ya mbinu ile ile, ili anayekuja aone kwa macho yake ni wapi kanuni imeachwa. Siku hizi onyo laweza kuzimwa pia kwa pragma, amri ya ndani ya msimbo, lakini hiyo inanyamazisha kompaila tu. Anayeitumia mbinu hiyo kutoka mradi mwingine haambiwi chochote.

NuGet, njia ya kushusha maktaba za .NET mtandaoni, ilipoingia mwaka 2010, maktaba zikaanza kushushwa kwa dakika, nyingi bila alama. Machi 2020 Microsoft ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena Visual Basic kama lugha. Vijana wengi wa Juja leo hawajawahi kuiona CS3002. Lakini bado ipo mifumo ya malipo iliyoandikwa kwa Visual Basic, na kila ninapoiunganisha na maktaba mpya naiwasha alama kwanza, kabla ya kuandika mstari mwingine wowote.