Mkono Mmoja na Shibiri

Njia itokayo mlangoni kwangu hadi barabara ya mwaloni ina upana wa hatua mbili. Kando yake nimepanda miwaridi mifupi, tisa kushoto na nane kulia. Wa tisa wa kulia ulikufa kiangazi kilichopita. Asubuhi wanawake wanaotoka ziwani na ndoo za dagaa vichwani hukatiza hapo, wananiambia, "Mwangaluka, mayu," na khanga zao hazinaswi na mwiba hata mmoja. Marehemu baba angelitazama hilo kabla hajatazama maua.

Baba alijifunza kazi ya bustani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, miaka ya 1950. Mgodi wenyewe ulikuwa bado kijana. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliigundua almasi ya pale mwaka 1940, na pembeni mwa machimbo ukakua mji mzima wenye hospitali, shule na nyumba za watumishi. Baba na vijana wenzake wa Kisukuma walioingia bustanini walikutana na mmea wasioujua. Jina waridi lilikuwa la pwani, lenye asili ya Kiarabu, likitajwa pamoja na marashi. Wao walisema rozi, na hapa Nkome, Geita, wengi wanasema hivyo mpaka leo. Mmea walioufahamu wa kupanda kwa mstari ulikuwa mnyaa.

Lazima nisimame kwenye mnyaa, maana bila huo habari ya miwaridi haikamiliki. Mji wa Msukuma ulizungushiwa minyaa. Unakata matawi, unayaacha mpaka utomvu ukauke, unayachomeka karibu karibu mpaka yashikane yawe ukuta. Ng'ombe hapenyi na mbuzi hali, kwa sababu utomvu wake mweupe unababua, na ukiingia machoni unaweza kupofusha. Ufundi wote wa mnyaa ni kubananisha. Wasukuma waliokuja Geita miaka ya 1940 na 1950 kutafuta ardhi na malisho, baada ya maeneo ya kwao kujaa, walipanda minyaa kuzunguka miji yao mipya. Ukikuta porini mstari wa minyaa mikubwa na hakuna nyumba, umesimama kwenye itongo, mahali palipokuwa mji wa watu.

Basi kijana aliyekulia ndani ya minyaa, akipewa miche ya waridi, anaipanda kama minyaa. Baba alichimba mashimo shibiri kwa shibiri kando ya njia. Mwaka wa kwanza palipendeza. Masika yalipoingia, majani yakatoka madoa meusi, yakawa manjano, yakapukutika, na miiba ikaziba nusu ya njia. Mzee aliyemtangulia kazini hakumgombeza. Aling'oa mmoja, akaacha mmoja, hadi mwisho wa mstari, kisha akamwonyesha kipimo: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, halafu ongeza shibiri. Huo ndio umbali wa shina na shina, kama sentimita 65. Kutoka shina hadi ukingo wa njia, mkono mmoja.

Mimi nimekuja kusoma sababu yake nikiwa mtu mzima. Ukungu wa madoa meusi unahitaji jani liwe limelowa kwa saa saba hivi ndipo uingie. Nafasi inapitisha upepo, na upepo unakausha umande. Yule mzee hakuwa amesoma habari za ukungu, lakini alikuwa ameyatazama majani miaka mingi, nami namheshimu kama mwalimu.

Baba alipenda kutaja jiwe moja la Mwadui alilolisikia tu, maana lilipatikana kabla hajafika. Ilikuwa mwaka 1947: almasi ya waridi, karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi ya Cartier yenye umbo la ua. Nimeiona pichani. Ni nzuri kweli. Ila ninapofikiria maua yaliyotoka Shinyanga, nafikiria kwanza matawi manne ambayo baba aliyafunga kwenye gunia bichi alipoacha kazi na kuhamia Geita.

Matawi hayo ni ya ukoo wa miwaridi ya China, ile ambayo wakulima wa Ulaya waliipokea karne ya 18 wakashangaa, kwa kuwa mingi ya kwao ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Huu unachanua, unapumzika kidogo, unachanua tena. Baba aliuita rozi ya kila mwezi. Kule Ulaya hupogoa baridi inapokwisha, mti ukiwa umelala. Hapa hatuna hata digrii tatu kutoka ikweta, na mwaridi haulali, kwa hiyo mwenye mkasi ndiye anayeupa mapumziko. Mimi hupogoa Septemba, kabla ya vuli. Naondoa matawi makavu, kisha yanayokwaruzana, kisha nafupisha yaliyobaki kwa theluthi. Nakata mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Lakini upande wa njia kanuni hiyo inabadilika, na hapa ndipo wengi hukosea: jicho likitazama njiani, tawi jipya litamkwaruza mpita njia. Upande huo natafuta jicho linalotazama mwaridi wa jirani, ili tawi lifuate mstari.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata tukahama. Minyaa yetu ilibaki itongoni, na miwaridi kumi na miwili tukaihamishia kwenye kiwanja kitupu kijijini, nyumba zikiwa zimepangwa mstari. Mnyaa wa kulinda hauoti kwa wiki moja. Mbuzi waliila miwaridi kumi na mmoja. Wa kumi na mbili mama alikuwa ameupanda kwenye debe, juu ya kichanja cha vyombo. Miwaridi yangu yote hapa Nkome ni vipandikizi vya ule wa kwenye debe.

Juzi nimekata kipandikizi kwa ajili ya lile pengo la kulia. Binti wa jirani, mwenye miaka tisa, aliomba apime yeye. Akalaza kiwiko chini penye shina, akanyoosha kidole, akaongeza shibiri yake ndogo, akachora alama kwenye udongo. Nilimwacha achimbe, ila shimo nililisogeza mbele vidole vinane.