Mwanya na Pengo

Waingereza wana neno moja, gap-toothed, wamtajalo kwalo mtu ambaye meno yake ya mbele yameachana. Neno hilo lachukua mambo mawili kwa pamoja: nafasi aliyojaliwa mtu kati ya meno yake, na nafasi iliyobaki baada ya jino kung'oka. Kiswahili hakikubali mchanganyo huo. Ya kwanza ni mwanya, nao ni pambo. Ya pili ni pengo, nalo ni upungufu. Aliyepotewa na meno yote ni kibogoyo.

Hata kwa Waingereza mwanya ulikuwa na maana yake. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alimpa mwanya yule mke wa Bath aliyeolewa mara tano na kuhiji Yerusalemu mara tatu. Wataalamu wengi wameuona kuwa dalili ya ujasiri na bahati ya safari.

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo husemwa Kiha, ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Wanyarwanda huuita mwanya inyinya, nao huuhesabu kuwa uzuri; basi sifa hiyo si mali ya pwani peke yake. Kiswahili kilifika nyanda hizo kutoka Ujiji, mji wa misafara, na baadaye manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga wakarudi nacho.

Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa wakimbizi waliotoka Zaire. Mwaka 2015 Warundi wengi wakapokewa Nduta, wilayani Kibondo. Katika makimbilio ya namna hiyo mzazi hupotezana na mwanawe, naye hana ila maneno ya kumwelezea. Akisema mtoto wake wa miaka saba ana pengo, amesema jambo la muda, kwa maana jino jipya huota na pengo likazibika kwa miezi michache. Akisema ana mwanya, ametaja alama isiyopotea upesi hivyo. Mwandishi akiandika yote mawili kwa lile neno moja la Kiingereza, atakayemtafuta mtoto mwaka wa pili huenda akampita aliye naye mbele ya macho.

Hivyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza: jino lilikuwapo, au halikuwapo tangu hapo?