Nusu Maili: Msitu wa Kilimanjaro na Haki ya Mwanakijiji

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Marangu, migomba na kahawa hukusindikiza hadi vihamba vya mwisho, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Kati ya vihamba hivyo na msitu mkubwa kuna ukanda mwembamba unaoitwa Nusu Maili. Wanaosimulia habari za wananchi kushirikishwa katika misitu ya Tanzania huanzia msitu wa Duru-Haitemba, Babati, miaka ya 1990. Mimi naona haki waanzie hapa, nusu karne kabla.

Wajerumani ndio waliotangulia kuwekea msitu wa Kilimanjaro mipaka. Waingereza wakautangaza kuwa hifadhi mwaka 1921. Mpaka huo ulipita katikati ya maisha ya Wachagga. Msituni zilitoka kuni na nguzo za nyumba, na majani ya ng'ombe wanaofugwa bandani kwa kuwa kihamba hakina nafasi ya malisho. Huko huko juu yalianzia maji ya mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilipima ukanda wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, kwenye ukingo wa chini wa hifadhi, ikaukabidhi kwa Baraza la Wachagga. Baraza likapanda miti inayokua haraka, kama migrivea na mikaratusi, na kusimamia ulinzi wake. Watu wakapata kuni na mbao bila kuigusa miti ya asili ya mikulo ya juu. Mpango huo tusiupambe kupita kiasi: ulikuwa wa kikoloni, amri ilikuwa ya mamangi, yaani machifu, na mwanamke aliyebeba mzigo wa majani kichwani hakuwa na kiti barazani. Hata hivyo, waliolinda na waliovuna walikuwa watu wa mlima mmoja, na ukanda ulitunzwa vizuri kwa miaka ishirini.

Kisha ukaanza kupokezanwa. Mwaka 1962 ulitoka kwa Baraza ukaenda halmashauri ya wilaya. Mwaka 1972, halmashauri zilipovunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, ukaingia serikalini. Halmashauri zilirejea na kuupata tena mwaka 1984, na mwaka 1987 ukarudi serikali kuu. Msitu unaobadilishiwa mwangalizi mara nne katika miaka 25 hauna wa kuuonea uchungu. Miti ikakatwa bila kupandwa mingine, na wakataji wakazidi kupanda mlimani: uchunguzi wa ndege wa mwaka 2001, ulioungwa mkono na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ulikuta mikulo mingi imeangushwa kinyume cha sheria.

Wakati huo huo sheria zilikuwa zinamkaribia mwananchi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe, na pia kuingia mikataba ya usimamizi wa pamoja katika misitu ya serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaweka kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji, na ikampa kila mtu haki ya kufungua shauri mazingira yake yanapoharibiwa. Kwa mara ya kwanza, vijiji vya Machame au Rombo vingeweza kukaa mezani na serikali kama upande wa mkataba.

Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa eneo la juu tu. Sababu ilikuwa nzito, maana ukataji ulikuwa unautisha mlima. Lakini ndani ya Hifadhi ya Taifa huongoza Sheria ya Hifadhi za Taifa, na kuingia kunahitaji kibali. Mkataba wa pamoja ulioahidiwa mwaka 2002 ukakosa pa kushika, na kuni zilizokuwa sehemu ya makubaliano ya mwaka 1941 zikawa jambo la kuombwa.

Vijiji vya ukingoni vimekuwa vikidai Nusu Maili irudishwe, nami nakubaliana navyo kwa sharti moja: irudi kwa mkataba ulioandikwa, uliosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, unaotaja nani anapanda, nani analinda, na fungu gani la mavuno linabaki kijijini. Safari hii wanawake wanaokata majani wawe miongoni mwa wanaotia saini.