"Kama Yalivyotumika": Muktadha na Msamiati katika Historia ya Mitihani

Kila mwalimu wa Kiswahili nchini Kenya analijua lile agizo la maswali ya ufahamu katika Karatasi ya Pili ya KCSE, linalomtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno fulani kama yalivyotumika katika taarifa. Agizo hili tumelizoea mno hata tunalidhania kuwa la tangu na tangu. Sivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi muktadha ulivyoingia katika upimaji wa msamiati, ulikotokea, na yaliyoupata ulipofika katika Kiswahili, lugha ambayo sarufi yake humfunulia msomaji mambo ambayo Kiingereza humficha. Hoja yetu ni kwamba mbinu hii iliazimwa kutoka lugha nyingine bila ya kupimwa upya kwa mizani ya lugha yetu, na kwamba gharama ya uazimaji huo imelipwa darasani.

Mtu wa kwanza anayestahili kutajwa ni Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani. Mwaka 1897 alichapisha matokeo ya uchunguzi aliofanyia watoto wa shule katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Aliwapa vifungu vilivyotolewa maneno na silabi, akawataka wazibe mapengo. La kuangaliwa hapa ni kwamba Ebbinghaus hakuwa akitafuta msamiati wa watoto hao hata kidogo. Swali lililokuwa mbele yake lilihusu uchovu: je, saa nyingi za masomo mfululizo huichosha akili ya mtoto? Pengo katika kifungu lilizaliwa, basi, likiwa kipimo cha akili iliyochoka.

Huko Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 23 Juni 1926 College Board ilitoa kwa mara ya kwanza mtihani uitwao SAT, na watahiniwa wapatao 8,000 wakaufanya. Maswali yalikuwa 315 na muda dakika 97, hesabu ambayo inatosha kuonyesha kwamba mtahini hakutarajia mtu atafakari. Aliyesimamia utungaji wake, Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa ameshiriki katika kazi ya mitihani ya akili ya jeshi la Marekani, na mwaka 1923 alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba mataifa ya watu hupitana kwa akili ya kuzaliwa. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo hadharani, lakini mtihani ulibaki. Katika mtihani ule wa kwanza neno lilisimama peke yake kama mshtakiwa kizimbani: mtahiniwa alitakiwa atoe fasili, ataje kinyume, au aonyeshe ulinganishi kati ya jozi mbili za maneno. Palikuwa pia na sehemu moja ya lugha ya kubuni, ambapo mtahiniwa alipewa msamiati mdogo na kanuni chache za sarufi, kisha akatakiwa afasiri. Sehemu hiyo tutairejea baadaye.

Ilichukua takriban miaka 90 kwa mtihani huo kuliondoa neno kizimbani na kulirudisha kwa jamaa zake. Maswali ya vinyume yaliondolewa mwaka 1994, ya ulinganishi mwaka 2005, na yale ya kukamilisha sentensi iliyo peke yake mwaka 2016, nafasi yake ikachukuliwa na maswali juu ya maana ya neno ndani ya kifungu. GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili, uliacha vinyume na ulinganishi mwaka 2011. Mwandishi wa makala haya alisoma ng'ambo pamoja na watu waliokuwa wameufanya mtihani huo katika sura yake ya zamani. Baadhi yao walikuwa bado na bunda la kadi za maneno, na walikiri kwamba maneno mengi waliyoyakariri hawakuwahi kuyakuta tena popote. Katika mjadala wa miaka hiyo swali moja la ulinganishi lilipata umaarufu wa pekee, kwa kuwa lilimtaka mtahiniwa ajue jina la mashindano ya mashua. Mtoto wa matajiri wa pwani aliyaona mashindano hayo kila mwaka. Mtoto wa mtaa maskini wa mjini hakuyasikia. Swali lilidai kupima ufahamu wa neno, kumbe lilipima mahali mtu alipolelewa.

Katikati ya historia hiyo ndipo alipotokea Wilson L. Taylor, ambaye wasomaji wa jarida hili wasimchanganye na William Taylor, yule mmisionari wa Mombasa aliyekusanya tungo za Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Mwaka 1953 Taylor huyu wa Marekani alichapisha makala katika jarida la taaluma ya uandishi wa habari, akaeleza utaratibu alioupa jina la klozi. Jina hilo alilitohoa kutokana na dhana ya wanasaikolojia wa Gestalt kwamba akili ya mtu hupenda kukamilisha umbo lililokatika. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: unachukua kifungu, unafuta kila neno la tano, kwa mfano, bila kujali ni neno gani, na kumwachia msomaji ayarudishe. Taylor naye hakuwa akimpima msomaji. Alikuwa akipima kifungu, yaani kama ni chepesi au kigumu kusomeka. Baadaye, hasa katika miaka ya 1970 kwa juhudi za John Oller, utaratibu huo ulienea katika upimaji wa wanaojifunza lugha ya pili.

Hapana budi kueleza kilichobadilika njiani. Kwa Taylor, hesabu ndiyo iliyochagua pengo. Kwa mtungaji wa mtihani, mtungaji ndiye anayechagua. Kwa Taylor, msomaji alitafuta neno kichwani mwake. Katika mtihani, hupewa majibu manne achague moja. Mabadiliko haya mawili yanaonekana madogo, lakini kwa Kiswahili si madogo hata kidogo.

Tuje basi Kenya. Mtihani wa CPE haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Ripoti ya Gachathi ya 1976 na ile ya Mackay ya 1981 zilikitetea Kiswahili, na mfumo wa 8-4-4 ulipofika na KCPE yake ya kwanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. Katika miaka ya mwisho ya KCPE, ambayo ilifikia kikomo mwaka 2023, karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50, na 15 ya mwanzo yalikuwa mapengo katika vifungu, kila pengo na majibu manne. Kwa hiyo sisi tulijikuta na kifungu mlangoni mwa karatasi wakati Wamarekani walikuwa bado wakivutana juu ya vinyume na jozi. Mtu angetarajia kwamba darasa letu lingekuwa darasa la kusoma. Likawa darasa la orodha. Kwa nini?

Sehemu moja ya jibu imo katika lugha yenyewe. Tuchukue sentensi hii: Mchungaji alikipigilia ......... ardhini, akamfunga mbuzi wake. Majibu yawe: mwiba, kigingi, ufito, jiwe. Mwanafunzi ambaye hajapata kuliona wala kulisikia neno kigingi atalichagua pasipo wasiwasi, kwa kuwa kiambishi -ki- katika kitenzi kimekwisha kumnong'oneza. Amepata alama, na kigingi hakijui. Sasa tukiondoe kiambishi hicho, tuseme: Mchungaji alipigilia ......... ardhini, akamfunga mbuzi wake. Majibu yawe: kibuyu, kigingi, kifuu, kikapu. Hapa sarufi imenyamaza, kwani yote manne ni ya ngeli moja. Mwanafunzi hana budi kuuliza ni kitu gani hupigiliwa ardhini na kuweza kumzuia mbuzi. Swali la kwanza lilipima upatanisho. La pili lilipima kukisia maana kwa dalili za muktadha. Katika karatasi ya mtihani maswali haya mawili hukaa jirani, huhesabiwa alama sawa, na matokeo yake huitwa kwa jina moja la msamiati.

Tunaweza kwenda mbele zaidi, mpaka ile lugha ya kubuni ya Brigham. Tuseme: Mgwelu uligwelama karibu na mto. Ni kitu gani kiligwelama? Mgwelu. Uligwelama wapi? Karibu na mto. Migwelu miwili ikifanya hivyo tutasemaje? Migwelu iligwelama. Mwanafunzi amejibu maswali matatu ya ufahamu na sarufi juu ya neno ambalo halipo duniani. Kiswahili, kwa utajiri wa upatanisho wake, kinamwezesha mtu kutembea ndani ya kifungu asichokielewa bila kujikwaa. Mtungaji wa mtihani asipokuwa macho, atatunga mtihani ambao hata mgwelu angeufaulu.

Lakini isidhaniwe kwamba tunaulaumu upatanisho. Dalili hiyo ina kazi yake, nayo ni kubwa. Neno paa ni mfano unaojulikana: paa amekimbia na paa limevuja hayamchanganyi mtu, kwani kiambishi kimekwisha kututenganishia mnyama na nyumba. Mfano wa mbuzi ni bora zaidi. Mwandishi wa insha anaposema, Asha aliikalia mbuzi akaanza kukuna nazi, mtoto wa Lamu haoni ajabu, kwa kuwa chombo hicho amekiona jikoni tangu utoto. Mtoto wa bara ambaye nazi kwao hununuliwa kwa nadra ataona msichana amempanda mnyama. Hili ndilo swali la mashua lililogeuka sura. Hata hivyo mtoto huyo ana msaada ambao mwenzake wa Marekani hakuupata: ile -i- katika aliikalia. Angekuwa mnyama, tungesema alimkalia. Mwanafunzi aliyefundishwa kuisoma i- hiyo atajua kwamba mbuzi huyu si mbuzi, ni chombo. Na akiongeza kukuna na nazi, atakaribia kabisa kukijua ni chombo gani, ingawa hajapata kukiona. Hapa sarufi na maana zimeshikana mikono, na kukisia kwa namna hii ni ujuzi halisi wa lugha. Kasoro, basi, si kuwapo kwa dalili ya kisarufi. Kasoro ni kwamba hatukuwahi kuipambanua na dalili ya kimaana, wala katika kutunga wala katika kufundisha.

Sehemu ya pili ya jibu inatoka kwa watafiti wa kusoma. Mwaka 1983 Beck, McKeown na McCaslin walionyesha kwamba miktadha si sawa: mingine humwelekeza msomaji kwenye maana, mingine haimsaidii chochote, na mingine humpoteza kabisa. Mwaka 1985 Nagy, Herman na Anderson walionyesha kwamba msomaji hujifunza maneno kwa kuyakuta katika muktadha, ila uwezekano wa kulipata neno kwa kulikuta mara moja ni mdogo. Matokeo hayo mara nyingi husomwa kama habari njema: mtoto asome, msamiati utakuja wenyewe. Lakini uwezekano mdogo huzaa matunda pale tu kurasa zinapokuwa nyingi. Shule ambayo kitabu kimoja cha kiada kinashikwa na wanafunzi watatu, na hadithi za ziada hazipo, haina kurasa hizo. Kwa mwalimu wa shule kama hiyo, orodha ndiyo maktaba.

Tukizingatia hayo, hatuwezi kumcheka mwalimu wala mtungaji wa vitabu vya marudio. Maswali ya matumizi ya lugha yaliyofuata vile vifungu mara kwa mara yaliuliza neno likiwa peke yake, na mapengo yenyewe mengi yalijibika kwa ngeli. Aliyetaka alama alifanya mambo mawili yenye busara: alifundisha ngeli kwa bidii, akakaririsha orodha. Ndipo tukapata watoto wa darasa la nane wanaojua kwamba nyota huwa thurea, kuni huwa tita, mtoto wa sungura huitwa kitungule na wa simba shibli, nao hawajakutana na shibli hata mmoja katika hadithi yoyote. Wanapofika kidato cha nne na kuambiwa waeleze neno kama lilivyotumika katika taarifa, huandika maana waliyoikariri, ambayo huenda ni maana halali ya kamusi na bado si jibu la swali.

Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu itolewe mwaka 1981, tumekuwa na mahali pa kuthibitisha maana. Tulichokosa ni maelezo ya jinsi maana inavyotafutwa kabla ya kamusi kufunguliwa, maelezo yaliyojengwa juu ya sarufi ya Kiswahili na si kufasiriwa kutoka vitabu vya ualimu wa Kiingereza, ambavyo havina la kusema juu ya -ki-, -i- wala -m-. Utaratibu wa Taylor wenyewe haujajaribiwa vya kutosha kwetu, kwa maana neno la tano la Kiingereza na neno la tano la Kiswahili si mzigo mmoja. Ukifuta hawajakisoma umefuta watu, ukanusho, wakati, kitu na tendo kwa mkupuo.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Karatasi za KCPE za zaidi ya miaka thelathini zimo mikononi mwa walimu na katika vitabu vya marudio. Kila pengo katika karatasi hizo laweza kuainishwa kwa swali moja tu: je, majibu mengine matatu yalikataliwa na kiambishi, au na maana? Kazi hiyo yafaa kufanywa na wanafunzi wetu wa uzamili, na ianze na karatasi za mwaka 1985.