Sketi ya Ngozi

Mwaka 2019, mwishoni mwa Agosti, mjukuu wangu aliyekuja likizo hapa Masakta alitusimulia kisa cha Kim Kardashian, mwanamke wa Marekani aliyepata umaarufu kwa vipindi vya televisheni. Mwezi Juni alikuwa ametangaza nguo za ndani za kubana mwili akaziita Kimono, na akataka jina hilo liwe alama yake ya biashara. Kimono ni vazi la heshima la Wajapani. Meya wa Kyoto, Daisaku Kadokawa, alimwandikia barua kumsihi aliache, kwa kuwa jina hilo ni la wote wanaolipenda vazi lenyewe, halifai kuhodhiwa na mtu mmoja. Agosti hiyo nguo zikaitwa SKIMS.

Wanawake wa nyumbani kwangu hawakukubaliana. Mjukuu alisema ule ni wizi. Mke wangu akacheka: "Sketi ya ngozi ya marehemu mama inaliwa na wadudu darini. Akija mtu kuinunua, namuuzia, aiite apendavyo." Jirani yetu, bibi wa Kibarabaig, alikuwa kimya.

Ndugu msomaji, kwa Wabarabaig sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, hanang'weend, si nguo tu. George Klima, Mmarekani aliyeishi nao na kitabu chake kikatoka mwaka 1970, alieleza kuwa vazi hilo huhesabiwa ni zawadi ya Mungu kwa wanawake, na kwamba wanawake walikuwa na baraza lao la kumhukumu mwanamume aliyewakosea na kumtoza ng'ombe. Basi kabla sheria za alama za biashara hazijatufikia, vazi hili lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na mahakama.

Hatimaye bibi alisema: "Huyo wa Marekani aliandikiwa barua, akasikia. Mwalimu, wewe nani alikuandikia?"

Nilijua anachosema. Miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu, mama mmoja alikuja kwenye mkutano wa wazazi amevaa sketi yake ya ngozi. Nilimwambia akavae kanga kwanza, ndipo aingie. Chuoni nilifundishwa kuwa maendeleo huanza na usafi na mavazi, nami sikuona kosa. Alikaa nje chini ya mti hadi mkutano ukaisha. Yule mama alikuwa dada yake huyu bibi.

Tangu siku hiyo siwezi kumsema mgeni kwa sauti kubwa. Yeye alichukua jina bila kuuliza; mimi nililifukuza vazi bila kuuliza. Wanawake wangu bado hawajaafikiana kama sketi ile iuzwe au itunzwe, na sioni ubaya, maana wanaobishana ndio wenyewe. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, na ng'ombe wa faini sijamtoa hadi leo.