Bushi Moja, Kazi Mbili: Historia Fupi ya Istilahi za Breki za Diski

Utangulizi

Aghalabu istilahi za ufundi huandikwa baada ya vifaa vyenyewe kwisha kuzoeleka. Fundi hukifungua kifaa, hukipa jina litakalomwezesha kukiagiza dukani, na jina hilo huenea kabla mwalimu, mfasiri au karani hajaliandika. Jambo hili si la kulaumiwa, kwani ndivyo lugha nyingi zilivyokua. Lakini jina lililotosha gerejini huenda lisitoshe katika kitabu cha mafundisho, wala katika hati ya matengenezo ya magari ya umma. Neno bushi ni mfano mzuri. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi breki za diski zilivyoendelea, jinsi majina ya sehemu zake yalivyotufikia, na kwa nini bushi za kalipa zinastahili jina lao mahsusi.

1. Majina ya nje na majina ya ndani

Tukiyatazama majina ya sehemu za gari katika Kiswahili tunaona tabaka mbili. Baadhi ya vitu vinavyoonekana au kushikwa wakati wa safari vilipata majina kutoka katika hazina ya zamani. Neno gari lenyewe limetoka katika lugha za Bara Hindi. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa motokaa, kama vile rubani alivyokuwa mjuzi wa njia za bahari kabla hajapanda ndege. Sehemu zilizofichika, kwa upande mwingine, zilikuja na majina ya Kiingereza yaliyovishwa irabu zetu: injini, gia, klachi, pistoni, breki, bushi.

Hata hivyo, mikopo hiyo si migeni yote kwa kiwango kimoja. Kalipa lilikuwa kwanza jina la chombo cha kupimia unene, chenye taya mbili. Breki ililiazima kwa sababu nayo huikumbatia diski kwa pande mbili. Wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha jina hilo na lile la kipimo cha mtutu wa bunduki, nalo hulirejesha katika neno la Kiarabu lenye maana ya kielelezo cha kusubia vitu. Neno hilohilo la Kiarabu tunalo tangu zamani kwa umbo la kalibu. Kwa hiyo kalipa na kalibu ni ndugu waliopotezana, wakakutana tena gerejini.

2. Kutoka diski ya Lanchester hadi kalipa inayosogea

Mwaka 1902 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, wa Birmingham, alipata hataza ya breki ya diski. Vipande vyake vya kubana vilikuwa vya shaba, na metali ilipokwaruza metali ilipiga kelele nyingi. Kwa miaka mingi baadaye magari mengi yalitumia breki za dramu, ambazo hupanuka kwa joto na kupungua nguvu zinapotumiwa mfululizo. Diski, kwa kuwa iko wazi, hupoa upesi zaidi.

Ubora huo ulidhihirika mbele ya watu wengi mwezi Juni 1953, gari la Jaguar lenye breki za diski za Dunlop liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilionyesha mjini Paris gari la DS, ambalo lilizifikisha breki za diski za mbele kwa wanunuzi wengi wa kawaida.

Kalipa nyingi za awali zilifungwa imara, zikawa na pistoni pande zote mbili za diski. Hazikuhitaji kusogea, na kwa hiyo hazikuhitaji bushi. Baadaye watengenezaji walitafuta kalipa ya bei nafuu, isiyochukua nafasi kubwa ndani ya gurudumu. Wakaweka pistoni upande wa ndani tu. Pistoni huisukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski. Kisha nguvu hiyohiyo hulivuta umbo zima la kalipa, nalo huileta pedi ya nje. Ili kalipa isogee hivyo hupanda juu ya pini mbili, na kila pini hupita ndani ya bushi. Ndipo bushi ilipoingia katika breki. Na neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa ajili ya bushi za miguu ya gari.

3. Jina moja, kazi zinazopingana

Hapa ndipo penye hatari. Bushi za miguu ya gari aghalabu ni za mpira ulioshikamana na vyuma viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Kazi yake ni kunepa na kujipinda bila kuteleza, na grisi au oili huuharibu mpira wake. Bushi ya kalipa ina kazi kinyume: lazima iiache pini iteleze, na haifai kunepa kupita kiasi. Hiyo huhitaji grisi, wala si grisi yoyote. Grisi ya kawaida itokanayo na mafuta ya madini huufanya mpira wa bushi za kalipa uvimbe na kuikaba pini. Inayofaa ni ile ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki. Basi agizo lisemalo tu "bushi zipakwe grisi" laweza kuwa sahihi kwa kifaa kimoja na kuwa uharibifu kwa kingine. Asiye fundi hana njia ya kulitambua kosa hilo katika karatasi.

Madhara yake huonekana katika pedi. Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili: husemwa pedi au tairi imelika. Lakini "kulika upande" huchanganya mambo mawili. Pini ikikwama, kalipa haisogei. Pedi ya ndani hufanya kazi peke yake na kwisha mapema, huku ya nje ikibaki nene. Mpira wa bushi ukilegea, kalipa huinama wakati wa kubana, na pedi hulika kama kabari, nene mwanzoni na nyembamba mwishoni. Alama hizi mbili zina sababu mbili, na mkaguzi anahitaji maneno mawili.

Katika miaka ya karibuni baadhi ya wenye magari hubadilisha bushi za mpira na kuweka za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Bushi hizo hazinepi, hivyo kalipa husogea kwa unyofu na pedi hulika kwa usawa zaidi. Lakini zinadai usafi na grisi ya mara kwa mara, na hazipunguzi mtikisiko kama mpira. Tena haziponyi kila ugonjwa: pistoni iliyokwama nayo huila pedi ya ndani, hata bushi zikiwa mpya. Mfasiri wa kitabu cha matengenezo hana budi kuyajua haya kabla hajachagua neno.

4. Mapendekezo

Kwa Kiingereza kalipa ya aina hii huitwa kwa neno lenye maana ya kuelea. Hatuoni faida ya kulifuata. Kalipa haielei, na umbo "elezi" lingemfanya msomaji afikirie kueleza. Umbo "telezi" nalo halifai, kwa kuwa "kalipa telezi" yaweza kueleweka kuwa imemwagikiwa mafuta, jambo la hatari katika breki. Tunapendekeza nomino mtelezo iwe shina la istilahi zote za kundi hili:

kalipa imara: kalipa isiyosogea, yenye pistoni pande zote mbili.
kalipa ya mtelezo: kalipa inayosogea juu ya pini, yenye pistoni upande mmoja.
pini ya mtelezo: pini inayoiongoza kalipa hiyo.
bushi ya mtelezo: bushi inayopitisha pini hiyo, iwe ya mpira au ya metali.
bushi ya mnepo: bushi ya miguu ya gari, inayonepa bila kuteleza.
kulika kwa tofauti: pedi moja kwisha kabla ya mwenzake.
kulika kimshazari: pedi moja kuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Neno bushi tumelibakiza kwa makusudi, madhali mafundi wanalo na wauza spea wanalielewa. Kilichopungua ni kivumishi cha kutenganisha kazi. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri, na maofisa wanaoandika hati za matengenezo wazijaribu istilahi hizi mbele ya mafundi wenyewe, na watuletee maoni kabla hazijafikishwa katika hatua ya kusanifiwa.