Simu janja: kununua taslimu au kulipa kidogo kidogo kupitia kampuni ya simu

Katika maduka mengi ya simu mjini Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, simu moja huwa na bei mbili. Ya kwanza huandikwa kwa tarakimu kubwa na huwa ni ya siku moja tu: shilingi kadhaa kila kukicha, baada ya kutoa arabuni. Ya pili ni bei ya taslimu, na mara nyingi ni mteja mwenyewe anayelazimika kuiuliza. Bei ya kwanza imeambatana na mkopo, na pia na kufuli ambalo muuzaji anaweza kulifunga akiwa mbali, hata kama simu imo mfukoni mwa mteja katika kijiji cha mwisho cha wilaya.

Mpango uliovuma zaidi katika eneo hili ni Lipa Mdogo Mdogo, ambao kampuni ya Safaricom ya Kenya iliuzindua Julai 2020 kwa kushirikiana na Google. Mteja alitoa arabuni ya shilingi 1,000 za Kenya, kisha akaendelea kulipa kuanzia shilingi 20 kwa siku. Nchini Uganda, kampuni ya MTN ina mpango wake uitwao Pay Mpola Mpola. Hapa Rwanda, MTN ikishirikiana na Benki ya Kigali ilileta Macye Macye. Majina hayo ya lugha tatu yanakaribia kusema jambo moja: pole pole, kidogo kidogo. Hakuna hata moja linalotaja jumla.

Zipo pia kampuni ambazo si za mawasiliano bali ni za mikopo, na ambazo huuza simu za viwanda mbalimbali kwa malipo ya kila siku. Inayojulikana zaidi ni M-KOPA, iliyoanza biashara Kenya mwaka 2012 kwa kuuzia familia za vijijini taa na mitambo midogo ya umeme wa jua. Asiyelipa, mtambo wake ulizimwa kwa mawasiliano ya mbali. Akilipa, taa zikawaka tena. Utaratibu huo ndio uliohamishiwa kwenye simu.

Kufuli mahali pa mkataba

Ili kuelewa kwa nini kufuli lilihitajika, inafaa kutazama namna simu zilivyokuwa zikiuzwa Marekani na Ulaya. Huko, kwa miaka mingi, kampuni ya simu ilimpa mteja simu ya bei ghali kwa kiasi kidogo au bila malipo yoyote, naye akatia saini mkataba wa miaka miwili wa kulipa ankara kila mwezi. Bei ya simu haikuondolewa. Ilifichwa ndani ya ankara. Nchini Marekani, T-Mobile iliachana na utaratibu huo mwaka 2013, ikatenganisha bei ya simu na ada ya mawasiliano. Verizon ilifuata mwaka 2015 na AT&T mwaka 2016. Uamuzi huo uliwawezesha wateja kuona kwa mara ya kwanza simu inagharimu kiasi gani na huduma inagharimu kiasi gani.

Mikataba ya namna hiyo husimama juu ya nguzo ambazo Afrika Mashariki ni adimu: anwani ya kudumu, mshahara unaopitia benki, na kumbukumbu za miaka mingi za ulipaji wa madeni. Wateja walio wengi mno katika nchi zetu hununua muda wa maongezi na vifurushi kabla ya kuvitumia. Hawana ankara ya mwezi, basi hakuna mahali pa kufichia bei ya simu. Muuza ndizi wa Gisenyi au dereva wa bodaboda wa Eldoret hana karatasi ya kuonyesha kwamba atalipa. Mkopeshaji akaamua kuifanya simu yenyewe kuwa dhamana, na kufuli likawa ndilo wakala wa kudai.

Kufuli hili lisichanganywe na lile la kuifungia simu mtandao mmoja, ambalo huzuia laini ya kampuni nyingine isifanye kazi. Hilo la pili ndilo Uingereza ililopiga marufuku mwishoni mwa mwaka 2021, ilipozitaka kampuni zake ziache kuuza simu zilizofungwa. Kufuli la mkopo ni jambo jingine. Ni programu iliyopandikizwa katika mfumo endeshi wa simu, ikihusishwa na namba ya utambulisho ya kifaa, IMEI. Siku za malipo zikiisha, kioo hubaki na ujumbe wa kudai, na kwa kawaida simu za dharura pekee ndizo hupita. Kurejesha simu katika hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu mara tu inapounganishwa na intaneti hutambuliwa upya na kufungwa. Mafundi wanaojigamba kuwa wanaweza kuling'oa huchukua pesa za mteja, na mara nyingi humrudishia simu ambayo baada ya siku chache hufunga tena.

Jambo moja huwatuliza wengi wakilijua. Pesa za mteja hazimo ndani ya simu. Akaunti ya M-Pesa, MoMo au Airtel Money imefungamanishwa na laini, na laini ikitolewa katika simu iliyofungwa na kutiwa katika simu ndogo ya vitufe, akaunti hufunguka kama kawaida. Kinachobaki nyuma ya kufuli ni picha, ujumbe, majina ya wateja na programu za kazi. Kwa mfanyabiashara mdogo, hizo nazo si haba. Majina yakihifadhiwa kwenye laini au katika akaunti ya barua pepe, siku ya kufungiwa haitakuwa siku ya kufunga biashara.

Hesabu ambayo bango halioneshi

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu kampuni yoyote. Simu inauzwa taslimu shilingi 12,000 za Kenya. Kwa mkopo, mteja anatoa arabuni ya shilingi 2,500, kisha shilingi 55 kwa siku kwa siku 365. Malipo ya kila siku yanafika shilingi 20,075. Ukijumlisha arabuni, simu imegharimu shilingi 22,575. Tofauti na bei ya taslimu ni shilingi 10,575.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi inapolinganishwa na kiasi kilichokopwa hasa. Mteja hakukopa shilingi 12,000, kwa kuwa 2,500 alizitoa siku ya kwanza. Alikopa 9,500, na kwa mkopo huo wa 9,500 analipa ada ya 10,575. Ada imeuzidi mkopo wenyewe, tena deni lilikuwa likipungua kila siku. Mtu akiambiwa na benki kwamba atakopeshwa kwa riba ya aina hiyo, huenda angeondoka kabla ya kuketi. Shilingi 55 hazimtishi mtu, kwa kuwa ni bei ya andazi na chai, na nguvu ya mipango hii imo humo.

Sasa igeuzwe hesabu. Mtu yule yule, akiwa na shilingi zake 2,500, akaweka akiba shilingi 55 kwa siku bila kukosa, atafikisha 12,000 baada ya siku 173, yaani kabla ya miezi sita kutimia. Nusu ya pili ya mwaka, pesa ni zake.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba taslimu ni nafuu na kuishia hapo. Katika siku hizo 173, mwekaji akiba hana simu. Kwa anayeitaka kwa burudani, kungoja hakumpunguzii kitu. Kwa dereva wa bodaboda anayepata abiria kwa programu, au mama anayeuza vitenge kwa kuonyesha picha WhatsApp, kila siku ya kungoja ina gharama yake. Simu ikimwingizia shilingi 70 za ziada kwa siku, baada ya kutoa gharama za intaneti, katika siku 173 atakuwa amepata 12,110, nazo zimezidi ada yote ya mkopo. Swali linalofaa kuulizwa dukani, basi, ni kama simu itazalisha kuliko inavyokula. Wengi hujibu swali hilo kwa matumaini badala ya kalamu. Isitoshe, akiba ya nyumbani ina wadai wake: mtoto akiugua, akiba huenda hospitali, na hakuna anayeweza kumlaumu mzazi kwa hilo.

Kampuni ya simu nayo ina hesabu yake. Mteja mwenye simu ya vitufe hununua muda wa maongezi. Akihamia simu janja huanza kununua intaneti, kila wiki, kwa miaka. Kwa sababu hiyo mipango mingine huambatanisha vifurushi au kumtaka mteja abaki na laini ya kampuni hiyo mpaka deni liishe. Zawadi ya kifurushi ni nzuri, ila iingizwe katika hesabu kwa bei yake sokoni, si kwa bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

Taslimu nayo ina mitego yake

Anayelipa pesa zote siku moja ni mmiliki tangu siku hiyo. Anaweza kutia laini yoyote, kuuza au kuvuka nayo mpaka bila kumwomba mtu. Lakini pesa zikishatoka, kinga yake ni risiti na dhamana ya muuzaji, na katika soko la barabarani vyote viwili huwa haba.

Mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Walioumia walikuwa wanunuzi, si waliowauzia. Tangu wakati huo imekuwa desturi nzuri kubonyeza *#06# kabla ya kutoa pesa, ili IMEI ijitokeze, na kuilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Nchini Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na Kenya kwenda 1555, ili kupata jibu la aina ya simu. Jibu likitaja aina tofauti na simu iliyo mkononi, hapo hakuna cha kujadiliana bei.

Hatari mpya zaidi ni ya simu iliyokwishatumika. Mtu aliyechukua simu kwa mkopo huiuza ikiwa bado imefunguka, kwa bei ya kuvutia, kisha anaacha kulipa. Baada ya siku kadhaa, mnunuzi wa pili anaamka na kukuta kioo kinamdai deni la mtu asiyemjua. Kufuli halina habari na mpaka: simu iliyokopwa Kampala itafungwa Kigali au Goma vile vile, ilimradi inapata intaneti. Na aliyeikopa kihalali kisha akahama nchi hukutana na tatizo la pili, kwa kuwa malipo ya mpango huhitaji laini na akaunti ya pesa ya nchi ilikokopwa.

Simu za mitumba zinazoingia kupitia Dubai zina kisa chao. Baadhi zilitoka katika mikataba ya Marekani na Ulaya, na huweza kuwa zimefungiwa mtandao wa huko. Njia ya haraka ya kujua ni kutia laini yako mwenyewe dukani, kupiga simu na kufungua intaneti, kisha ndipo kulipa.

Serikali zimejaribu kushusha bei ya taslimu, kwa mafanikio yasiyolingana. Tanzania ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa simu janja mwaka 2021, ikaurudisha utozaji mwaka uliofuata. Rwanda ilifungua kiwanda cha Mara Phones mjini Kigali Oktoba 2019, na Desemba mwaka huo ikaanza kampeni ya Connect Rwanda ya kuchangia simu kwa familia zisizojiweza. Mwaka 2023 Airtel ikaleta sokoni simu janja ya faranga 20,000. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Kenya ilizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River.

Karatasi za kuulizia

Sheria zilikuja nyuma ya biashara. Nchini Kenya, marekebisho yaliyotiwa saini Desemba 2024 yaliongeza mamlaka ya Benki Kuu juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wanaouza bidhaa kwa kulipa baadaye. Upande wa taarifa binafsi, Kenya na Uganda zina sheria tangu 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Sheria hizo ni muhimu hapa kwa sababu programu ya kufuli hukaa ndani ya simu kwa mwaka mzima au zaidi, na mteja ana haki ya kuuliza inakusanya nini.

Kabla ya kutoa arabuni, yapo maswali ambayo muuzaji mwaminifu hatasita kuyajibu kwa maandishi. Jumla yote ni kiasi gani, na bei ya taslimu ya simu hiyo hiyo ni ipi? Anayemaliza mapema hupunguziwa? Siku zisizolipwa huongeza muda tu, au huleta faini? Simu ikiibwa, deni hubaki kwa nani, na bima, kama ipo, inalipia nini? Je, anayeshindwa kulipa hupelekwa katika orodha ya wadaiwa, ambayo baadaye benki na wakopeshaji wengine wataisoma?

Swali la mwisho huulizwa na wachache, nalo linahusu siku ya kumaliza. Mteja anapolipa shilingi ya mwisho, kufuli linapaswa kuondolewa moja kwa moja, lakini simu huhitaji kuwa kwenye intaneti ili kupokea amri hiyo. Anayetaka kuuza simu yake au kumpa ndugu yake aombe kwanza ujumbe wa kuthibitisha kwamba deni limekwisha, ahifadhi picha yake mahali pengine, kisha aangalie katika orodha ya programu kama ile ya mkopeshaji imeondoka. Ikiwa bado ipo, arudi dukani na risiti zake.